Mkono Unapoandika Peke Yake

Usiku mmoja wa mwezi Oktoba mwaka 2016, katika nyumba moja ya Mururu, si mbali na mpaka wa Rusizi II, mke wa askari aliketi mezani baada ya watoto kulala. Akafungua daftari la shule, akashika kalamu, akafumba macho. Jina lake halina haja ya kutajwa. Mumewe alikuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, katika kikosi cha kulinda amani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na simu yake ilikuwa haijalia kwa muda wa siku tisa. Nyumba ilikuwa kimya. Mkono ukaanza kwenda.

Ulikwenda bila yeye kuuongoza. Alipofumbua macho baada ya robo saa alikuta kurasa mbili zimejaa, maandishi yakipanda na kushuka nje ya mistari, maneno yameshikana pasipo nukta wala mkato. Mengi hayakuwa na maana yoyote. Lakini katikati ya ukurasa wa pili palikuwa na maneno yaliyosomeka waziwazi, kana kwamba yameandikwa na mtu mwingine aliyetulia: "Amelala mchangani, msimngoje."

Bibi huyo hakupata usingizi tena mpaka jogoo wa kwanza.

ALIVYOANZA

Ustadi huo hakuupata kwa mganga. Miezi mitatu nyuma, katika mkutano wa wake wa askari, mshauri mmoja aliwafundisha kina mama njia ya kuupunguzia moyo mzigo. Kanuni zake zilikuwa chache. Mtu huchukua karatasi na kalamu, akajiwekea dakika kumi, kisha huandika bila kuinua mkono. Hafuti. Harudi nyuma kusoma. Hajali tahajia wala mwandiko. Akikosa la kuandika, huandika kwamba hana la kuandika, na huendelea kuandika hivyo hivyo mpaka jambo lije lenyewe.

Njia hiyo ilimfaa. Kutwa alikuwa njiani, akipeleka sambaza na mboga sokoni Bukavu na kurudi jioni akiwa na chenji kidogo na uchovu mwingi. Nyumbani palikuwa na watoto watatu na mama mkwe, ambao kila mmoja alikuwa na lake la kumwambia, wala hapakuwa na wa kumsikiliza yeye. Daftari lilimsikiliza. Wiki za kwanza liliandika bei ya nyanya, madeni, kikohozi cha mtoto wa pili, na mambo ya mama mkwe ambayo yasingeweza kusemwa kwa sauti. Mara nyingine lilimtolea sentensi nzuri ambayo hakujua kwamba anayo, naye aliinakili pembeni akamsomea binti yake mkubwa.

Kisha jirani mmoja, mtu wa sala nyingi, aliliona daftari lile na mwandiko wake wa ajabu. "Dada," alimwambia, "huu si mkono wako. Yuko mwingine anayeandika." Tangu siku hiyo mambo yakabadilika. Bibi huyo akawa anasali kwanza, kisha anauliza swali, kisha anafumba macho kungojea jibu. Awali aliandika ili kutoa yaliyomo moyoni. Sasa aliandika ili aambiwe.

JAMBO LA KALE KWA SURA MPYA

Si haki kumcheka. Katika nchi za Maziwa Makuu watu walijua tangu kale kwamba binadamu aweza kunena maneno asiyoyapanga. Katika ibada ya kubandwa, aliyeingizwa humo alisema kwa niaba ya Ryangombe na wenzake. Pwani nako husemwa kwamba pepo amempanda mtu kichwani na kuuazima ulimi wake. Kalamu ilipofika ilichukua tu kazi ambayo ulimi ulikuwa ukiifanya.

Ulaya na Marekani nako, katika miaka ya 1850, watu walikusanyika kuzunguka kibao kidogo chenye magurudumu na penseli, wakaweka vidole juu yake na kungojea wafu waandike. Mwaka 1852 daktari Mwingereza, William Carpenter, alitoa maelezo ambayo bado yanasimama: fikra peke yake yaweza kuisogeza misuli, pasipo mwenye misuli kukusudia wala kutambua. Kwa hiyo anayesema "sikuandika mimi" si mwongo. Hakukusudia. Lakini kilichousukuma mkono kilitoka katika kichwa chake mwenyewe.

Wasanii nao wamechota katika kisima hicho. Mwaka 1917, siku chache tu baada ya harusi yao, mke wa mshairi W. B. Yeats wa Ireland alianza kuandika kwa namna hiyo, na katika miaka iliyofuata zikapatikana kurasa maelfu. Yeats alisimulia baadaye kwamba alikuwa tayari kutumia maisha yake yote kuyafafanua maandishi yale, naye akajibiwa na hao waandishi wasioonekana kwamba walikuja kumpa mifano ya kutungia mashairi. Jibu hilo lafaa kukumbukwa. Hawakumletea habari za mji wala amri ya kutekeleza. Walimletea malighafi ya kazi yake.

Habari nyingine itawagusa zaidi wasomaji wa kambini. Mfaransa André Breton, aliyeieneza njia hii miongoni mwa washairi, alikuwa mwanafunzi wa udaktari wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 alipelekwa kufanya kazi katika hospitali ya Saint-Dizier, palipotunzwa askari walioumizwa akili na vita. Huko aliwasikiliza wakisema bila mpango, akaona kwamba maneno yasiyo na utaratibu yaweza kubeba jambo zito. Mwaka 1919 yeye na mwenzake Philippe Soupault waliandika kitabu kizima kwa kuuachia mkono uende. Hivyo nyuma ya mchezo huo wa washairi palikuwa na kitanda cha askari mgonjwa.

Sayansi nayo imeupima ukoo wa jambo hili. Mwaka 1986 Mmarekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha matokeo ya jaribio lao: wanafunzi waliandika robo saa kila siku, kwa siku nne mfululizo, wengine wakiandika juu ya jambo lililowaumiza kuliko yote. Walioandika tukio pamoja na hisia zake walitoka chumbani wakiwa na huzuni zaidi kuliko walivyoingia. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Yaani kalamu yaweza kuponya, ila kwanza huchokonoa kidonda.

KUTWA MOJA YA UVUMI

Asubuhi ile bibi wa Mururu hakwenda mpakani. Alimwonyesha mama mkwe ukurasa, na bikizee akajishika kichwa. Kufikia adhuhuri wanawake wawili, ambao waume zao walikuwa katika kikosi hicho hicho, walikuwa wamekwisha pata habari. Kufikia magharibi walikuwa watano, na maneno yenyewe yalikuwa yamegeuka. Daftari lilisema "amelala", sasa njiani ilisemwa "wamelala." Mmoja wao, mja mzito wa miezi saba, alifunga nguo za watoto katika kitenge ili arudi kwao. Mwingine alikwenda dukani kukopa akijieleza kuwa ni mjane.

Jirani wa sala alimfahamu mtu anayeweza kuiuliza roho iseme zaidi, kwa malipo. Ndani ya zizi palikuwa na ng'ombe mmoja, ambaye maziwa yake yalilipa ada ya shule. Bibi huyo alikubali ng'ombe auzwe.

Aliyezuia ni mama mkwe. Alisema kwamba kabla ya kuuza ng'ombe wa mwanawe, daftari lisomwe na mzee mmoja wa jirani, mwalimu mstaafu aliyemfundisha mwanawe huyo kusoma na kuandika. Basi wakaenda jioni, wakamkuta akichambua maharage na mkewe. Mzee alilipokea daftari kwa mikono miwili. Hakucheka, na hilo ndilo jambo la kwanza lililomtuliza mgeni wake.

"Mwalimu, ni roho iliyoandika?" aliuliza bibi.

"Mwanangu, mimi sijui roho huandikaje. Ninachokijua ni kusahihisha madaftari, nami nimefanya kazi hiyo miaka thelathini. Niachie hili mpaka kesho. Na ng'ombe alale zizini usiku wa leo."

MZEE ALICHOKIONA

Bibi na mama mkwe walikuwa wamesoma mstari mmoja. Mzee alisoma daftari zima, tangu ukurasa wa kwanza, na kila alipokuta neno "mchanga" alilipigia mstari kwa penseli. Alilikuta mara kumi na moja. Mara ya kwanza lilikuwa katika wiki ya kwanza kabisa, wakati askari alikuwa akipiga simu kila baada ya siku mbili na hapakuwa na hofu yoyote nyumbani. Tena neno hilo halikutembea peke yake. Karibu nalo palikuwa daima na neno wavu, au taa, au mtumbwi, au harufu ya samaki.

"Nani katika maisha yako alilazwa mchangani?" aliuliza mzee asubuhi ya pili.

Bibi alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba baba yake alikuwa mvuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu, miongoni mwa wale wanaotoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, na taa za kuwavutia samaki. Alipokuwa na umri wa miaka tisa alishuka ufukweni alfajiri moja pamoja na ndugu zake kumngoja, kama walivyofanya kila siku ili wapewe samaki wa uji wa asubuhi. Mitumbwi ilirudi. Baba alitolewa ndani yake akalazwa mchangani, akafunikwa tanga. Baba mdogo akawageukia watoto akawaambia warudi nyumbani, wasimngoje.

Neno lile alilisikia mara moja tu, na hakuwahi kulitamka tangu siku hiyo. Alizikwa baba, watu wakatawanyika, naye akapelekwa kwa shangazi. Hakuna aliyemwuliza alichokiona.

"Basi daftari halikudanganya," alisema mzee. "Limesema kweli, ila si habari za Afrika ya Kati. Umewahi kuona mitambo ya umeme huko bondeni? Maji yanayotoka ziwani hayashuki matupu. Hushuka na magogo, na majani, na takataka za watu. Ndiyo maana mbele ya mitambo huwekwa vyuma vya kuyazuia. Mto haukosi adabu kwa kuyaleta. Umeyaokota huko juu ukapita nayo. Lakini mhandisi akiyaacha yaingie, mitambo itavunjika na watu watakaa gizani. Wewe uliufungua mlango wa maji usiku, ukasahau vile vyuma."

KUPIMA KABLA YA KUTII

Mzee huyo alikuwa Mkristo mshika dini, wala hakumkataza kusali. Alimkumbusha habari ya Kibeho, kusini mwa Rwanda, ambako tarehe 28 Novemba 1981 msichana wa shule, Alphonsine Mumureke, alisema kwamba amemwona Bikira Maria. Kanisa halikumpigia vigelegele wala halikumfukuza. Mwaka uliofuata askofu aliunda tume mbili, moja ya madaktari na nyingine ya wanateolojia. Tamko la kuyatambua maono ya wasichana watatu lilitolewa tarehe 29 Juni 2001, yaani baada ya miaka karibu ishirini. "Kanisa zima lilingoja miaka ishirini," alisema mzee, "na wewe ulitaka kuuza ng'ombe kabla ya Jumamosi."

Upo pia mfano wa huzuni kutoka Uganda, ambao askari wa Afrika Mashariki wanaukumbuka. Mwaka 1986 Alice Auma, mwanamke wa Acholi, alisema kwamba roho iitwayo Lakwena inanena kwa kinywa chake. Maneno ya roho hiyo yaliandikwa na makarani, yakafuatwa kama amri za jeshi. Wapiganaji walipakwa mafuta wakaaminishwa kwamba risasi hazitawapata. Wengi walikufa njiani, na mwaka 1987 jeshi hilo lilishindwa lilipokaribia Jinja. Alice mwenyewe alikimbilia Kenya, akafariki katika kambi ya wakimbizi huko mwaka 2007. Makarani walikuwapo, karatasi zilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kama neno lililoandikwa ni kweli.

Hiyo ndiyo tofauti yote. Mwandiko wa mkono ulioachiwa huru waweza kuwa sala, waweza kuwa shairi, waweza kuwa dawa. Hauwezi kuwa taarifa ya redio, wala amri ya mkuu wa kikosi. Askari anajua kwamba habari ya doria haipelekwi makao makuu kabla ya kuthibitishwa. Nyumba ya askari nayo yahitaji sheria hiyo hiyo.

KWA ANAYETAKA KUJARIBU

Kwanza, ajiwekee kikomo cha muda. Dakika kumi au robo saa zatosha. Saa ikifika, kalamu iwekwe chini, hata kama maneno yangali yanakuja.

Pili, asiulize habari za mtu aliye mbali. Mwenye hofu akiuliza, hofu ndiyo itakayojibu. Afadhali aandike, "Ninaogopa kwa sababu..." kisha auachie mkono umalizie.

Tatu, asisome usiku ule ule. Ukurasa ulioandikwa gizani usomwe mchana, baada ya kunywa chai, kwa macho ya mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi mpendwa.

Nne, asome daftari zima, si mstari mmoja. Neno linalorudi rudi ndilo lenye habari, nayo aghalabu ni habari ya zamani.

Tano, kabla ya kumwambia jirani, amtafute mtu mmoja mwenye busara asiye na faida yoyote katika jambo hilo. Anayedai fedha ili aeleze maana ya maandishi amekwisha jitambulisha.

Sita, mkono ukianza kumwamuru mtu ajidhuru au amdhuru mwingine, au maneno yakikataa kunyamaza hata kalamu ikiwekwa chini, hilo si jambo la daftari tena. Aende hospitali, na aende na mtu wa kwao.

BAADA YA HAPO

Kazi ngumu kwa bibi wa Mururu haikuwa kuelewa, bali kurudisha. Alitembea siku mbili nyumba kwa nyumba, akiwaambia wale wenzake watano kwamba alichowapa hakikuwa habari, kilikuwa kilio chake mwenyewe cha miaka mingi. Wanne walimkubalia. Yule mja mzito alimsikiliza mlangoni bila kumkaribisha ndani, na ilipita miezi kabla hawajasalimiana tena. Uvumi huchukua kutwa moja kuenea. Kuufuta ni kazi ya miguu.

Siku ya kumi na nne simu ililia. Askari alikuwa amehamishiwa kituo cha mbele kisicho na mtandao. Sauti yake ilikatika katika, akauliza kama watoto wanakwenda shule na kama ng'ombe bado anatoa maziwa. Bibi alijibu kwamba wanakwenda, na kwamba anatoa. Habari ya daftari hakuigusa siku hiyo. Alimwuliza tu kama amekula.

Hakuacha kuandika. Ila mara hii alichukua lile lililoletwa na mkono usiku, akaliandika upya mchana, polepole, kwa nukta na mikato: alfajiri ile ya ziwani, taa za mitumbwi zikizimwa moja moja, tanga lenye kiraka, watoto wanne waliosimama na bakuli tupu. Zilimchukua wiki tatu na kurasa sita. Jumapili moja alasiri aliwasomea watoto wake, na mama mkwe akaacha kazi yake akaja kuketi karibu. Ndiyo mara ya kwanza watoto wale kusikia kwamba walikuwa na babu mvuvi.

Aliponyamaza, mtoto wa mwisho aliuliza babu alikuwa na sauti ya namna gani. Mama alifikiri, akasema hakumbuki. Mtoto akamwambia atazame daftarini. Mama akatabasamu, akajibu kwamba atatazama, lakini si usiku. Watatazama pamoja, kesho, baada ya chai.